Mali Bila Daftari

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi wa Makote katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Wengine waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za salfa, na za mikorofi ya barabara zetu. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo, likisikika mara ya kwanza, laonekana kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Jambo lenyewe ni namna ya kuweka folda moja ya maandishi katika kompyuta nyingi, kila mwenzi akiwa na nakala yake kamili, na nakala zote zikijisawazisha zenyewe. Tutajaribu kuonyesha kwamba jambo hili ni la mkulima kwanza kabla ya kuwa la fundi, kwa sababu linahusu kilo zake.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kila mmoja wetu anaijua, na pengine kwa kuijua sana tumeacha kuisikiliza. Yafaa leo tuisikilize tena.

Tuitazame safari ya korosho. Mkulima huokota, hukausha, huchambua, kisha hupeleka gunia lake katika chama cha msingi. Pale hupimwa. Kutoka pale korosho huenda ghala kuu, huchanganyika na korosho za wenzake, hutangazwa, huuzwa mnadani, na fedha hurudi kwa njia ile ile hadi kwake. Mpango huu wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho, hapa hapa mkoani Mtwara, msimu wa 2007/2008. Na tangu msimu wa 2024/2025 minada yake huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Sasa tuangalie kinachombakia mkulima mkononi tangu siku ya mizani hadi siku ya malipo. Hana tena gunia, na fedha hajazipata bado. Katika siku hizo zote mali yake ni maandishi: mstari mmoja katika daftari la chama, na kipande cha karatasi mfukoni. Mstari ule ukifutika, au ukibadilika, au ukikosa kuonekana siku unapotakiwa, jasho la mwaka mzima limekuwa hadithi.

Wala hatusemi jambo la kubuni. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei iliyokataliwa, Serikali iliamua kununua korosho yote ya wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Kabla ya fedha kulipwa ulifanyika uhakiki, ili mkulima wa kweli atengwe na mtu wa kangomba aliyekuwa amewanunulia wenziwe kwa bei ya kuwanyonya. Basi swali lililoulizwa lilikuwa hili: wewe ni nani, shamba lako liko wapi, na kilo hizi ulizipata vipi? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa sauti kubwa. Hujibiwa kwa daftari la wanachama, kwa orodha ya mashamba, na kwa kumbukumbu za mizani za msimu ule na za misimu iliyopita. Kila penye maandishi yaliyotunzwa, jibu ni la dakika chache. Pasipo na maandishi, jibu ni safari nyingi na kungoja kwingi.

Sasa tuulize: maandishi hayo ya vyama vyetu hukaa wapi? Katika vyama vingi zamani yalikaa katika daftari la karatasi ndani ya kabati. Siku hizi mengi hukaa katika kompyuta moja, mezani pa karani mmoja. Kompyuta hiyo yaweza kuibiwa. Yaweza kuunguzwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Yaweza kuingiwa na virusi, au kunyeshewa na mvua ya Januari bati likivuja. Na hata ikiwa salama, karani akiondoka na neno lake la siri, chama kizima chabaki nje ya mlango wa nyumba yake chenyewe. Wapo wanaonakili katika kidude cha flashi wakitia mfukoni. Hiyo ni hekima, lakini ni hekima ya siku moja: nakala ya flashi huwa kweli siku ile iliyonakiliwa, na kesho yake imekwisha kuwa ya zamani; hata baada ya mwezi hakuna ajuaye katika flashi tatu ni ipi iliyo sahihi.

Wengine husema: tuweke kila kitu katika wingu. Neno hili la wingu lisitutishe. Maana yake ni kompyuta za kampuni fulani, zilizo mbali, ambazo sisi twazikodi au twakaribishwa kuzitumia kwa masharti. Hatulidharau wingu, lina faida zake, na mifumo ya Serikali kama MUVU, ambao ni Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, hutumia intaneti vile vile, nasi ni wajibu wetu kuijaza. Lakini mwanaushirika mwenye busara hategemei njia moja. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na ya jirani zetu ikadhoofika kwa siku kadhaa. Siku chache kabla ya hapo, mwezi ule ule, kimbunga Hidaya kilikuwa kimeleta mafuriko, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga. Basi watu wa Kusini waliona kwa macho yao barabara ya nchi kavu na barabara ya chini ya bahari zikikatika katika mwezi mmoja. Aliyekuwa na daftari lake mbali, ng'ambo ya njia zile, ilimpasa angoje. Aliyekuwa na nakala chumbani mwake aliendelea na kazi.

Sisi tulio juu ya uwanda tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Uwanda wetu ni wa rutuba na wa hewa njema, lakini maji yako bonde chini. Mama zetu na bibi zetu walishuka mteremko alfajiri na kupanda na mtungi jua likiwa kali. Ndiyo maana mtu wa Newala akijenga nyumba ya bati hufikiri mapema juu ya tangi la kukinga maji ya mvua. Bomba likija, twashukuru. Lakini tangi la nyumbani halivunjwi kwa sababu bomba limekuja. Folda tunazozisema leo ni matangi ya namna hiyo. Maji ni yale yale, ila kila nyumba ina yake.

Programu za kazi hii huitwa za rika kwa rika. Jina hili limechaguliwa vizuri. Katika mila zetu, vijana waliotoka jandoni pamoja ni rika moja: hakuna bwana wala mtwana kati yao, na kila mmoja yampasa kumsaidia mwenzake. Kadhalika katika mpango huu hakuna kompyuta kubwa inayokaa katikati na kuzitawala nyingine. Kompyuta ya chama kimoja cha msingi huzungumza moja kwa moja na kompyuta ya chama kingine, na zote mbili na ile ya Chama Kikuu. Moja ikifa, zilizobaki zina kila kitu. Na ikinunuliwa mpya mahali pake, hujazwa tena na wenzake.

Ziko programu kadhaa. Mwaka 2013 ilitokea BitTorrent Sync, ambayo tangu 2016 imekuwa mali ya kampuni ya Resilio, nayo huitwa Resilio Sync. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2013, Jakob Borg wa Sweden alitoa Syncthing. Hii ya pili ndiyo tunayoipendelea kwa sababu mbili. Kwanza, haina ada. Hutengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Pili, maandishi yake ya ndani yako wazi kwa mtu yeyote kuyasoma na kuyakagua, kama vile vitabu vya hesabu vya ushirika vilivyo wazi kwa mwanachama. Chombo kitakachobeba daftari letu chafaa kiwe chombo kinachokubali kukaguliwa.

Tueleze kwa ufupi jinsi kinavyofanya kazi. Kila kompyuta ikiwekewa Syncthing hujitengenezea namba yake ya utambulisho, yenye herufi na tarakimu 56 zilizopangwa katika mafungu manane. Kompyuta mbili haziwezi kushirikiana mpaka kila moja imeikubali namba ya mwenzake. Mmoja akikubali na mwingine akakataa, hakuna neno. Huu ni uanachama wa hiari kama tunavyoujua. Kisha mwenye folda hutaja ni kompyuta zipi zitakazoshirikiana naye katika folda hiyo, na kila moja hukubali tena. Mtu aweza kushiriki folda moja bila kuiona ya pili.

Faili likibadilika, programu hailipeleki lote upya. Hulikata vipande, kila kipande hupewa alama yake isiyofanana na ya kingine, na kompyuta zikilinganisha alama hizo hupelekeana vipande vilivyobadilika tu. Kwa hiyo karani aliyeongeza mistari michache katika orodha kubwa hali kifurushi chake chote. Kila kinachopita njiani hufungwa kwa siri, hata anayedukiza haoni maana yake.

Na sasa lililo kubwa kwetu: kompyuta mbili zikiwa katika mtandao mmoja wa ndani, yaani zimeunganishwa na kifaa kimoja cha waifai, hutafutana zenyewe na kusawazishana bila kupita katika intaneti hata kidogo. Hakuna kifurushi kinachohitajika. Makatibu wakija katika kikao cha mwezi na kompyuta zao, wakaziwasha katika ukumbi wenye kifaa hicho, folda zitakuwa zimesawazishwa huku wao wakisoma muhtasari wa kikao kilichopita. Chama kilicho mahali ambapo mtandao wa simu ni wa kubahatisha hakitengwi. Kitakuwa nyuma kwa wiki chache, kisha kitawafikia wenzake.

Bwana Mwenyekiti, chombo chema bila mpango ni kama jembe lililotupwa uani. Twapendekeza mpango wa folda tatu.

Folda ya kwanza tuiite ya Matangazo. Ndani yake Chama Kikuu kiweke matokeo ya kila mnada, makato yote yaliyoidhinishwa, nyaraka za Mrajis, masharti ya chama, na tarehe za mikutano. Chama Kikuu kiandike. Vyama vya msingi vipokee. Katika Syncthing folda yaweza kuwekwa iwe ya kutuma tu upande mmoja na ya kupokea tu upande wa pili, hata mtu akiharibu nakala yake kwa bahati mbaya, uharibifu hauwafikii wengine. Mkulima akiuliza bei ya mnada wa wiki iliyopita, karani wa kijijini hana haja ya kupiga simu mjini. Afungue folda amwonyeshe.

Folda ya pili ni ya chama cha msingi chenyewe: daftari la wanachama, kumbukumbu za mizani za kila siku, picha za stakabadhi, malipo, na mihtasari ya mikutano. Hapa chama cha msingi ndicho kinachotuma. Wanaopokea wawe Chama Kikuu pamoja na vyama viwili vya jirani vilivyochaguliwa na Mkutano Mkuu wa wanachama. Kwa nini jirani? Kwa sababu hapo ndipo ulinzi wa mkulima ulipo. Anayeandika asiwe ndiye mtunzaji pekee wa alichokiandika. Siku mtu akishawishika kubadili kilo za Jumatatu iliyopita, atabadili katika kompyuta yake, lakini nakala ya awali itakuwa imekwisha kulala salama katika ofisi nyingine mbili au tatu ambazo hana ufunguo wake. Karani mwaminifu hapotezi chochote kwa mpango huu. Tena humlinda, kwa kuwa siku akisingiziwa ana mashahidi.

Lakini ili nakala ya awali ibaki, wapokeaji lazima wawashe utunzaji wa matoleo ya zamani, nalo ni jambo ambalo wengi hulisahau. Katika Syncthing, mpokeaji aweza kuagiza kwamba faili linalobadilishwa au kufutwa na mwenzake lisitupwe, bali liwekwe kando. Upo mpango wa ngazi: kwa saa ya kwanza hutunzwa toleo moja kwa kila sekunde 30, kwa siku ya kwanza, moja kwa kila saa, kwa siku 30 za mwanzo, moja kwa kila siku, na baada ya hapo moja kwa kila juma, mpaka muda uliopangwa umalizike. Twashauri muda huo usiwe mfupi kuliko misimu miwili, ili mkaguzi akija akute njia nzima.

Folda ya tatu ni ya Mafunzo: maelezo ya kupulizia salfa, ya kupogolea na kubebesha mikorosho, ya kutambua ubwiri unga, na ya kupanga madaraja ya korosho. Watafiti wa Naliendele wamefanya kazi kubwa kwa miaka mingi, na maarifa yao hayafai kukwama katika simu ya mtu mmoja. Folda hii iwe ya wote kutuma na wote kupokea, ili bwana shamba wa upande wa Masasi akipiga picha ya ugonjwa, mwenzake wa upande wa Newala aione.

Sasa ni haki yenu kusikia pia hatari, kwa maana muuzaji hueleza utamu, ila ndugu hueleza na uchungu.

Hatari ya kwanza: kusawazisha si kuhifadhi. Programu hii hutii. Ukifuta faili, hupeleka habari za kufutwa kwa wenzako wote kwa upesi ule ule ambao ingepeleka habari njema. Kwa hiyo matoleo ya zamani tuliyoyataja ni ya lazima. Na tufahamu kwamba matoleo hayo hutunzwa kwa mabadiliko yanayotoka kwa mwenzako, si kwa yale uliyoyafanya wewe mwenyewe katika kompyuta yako. Zaidi ya hayo, mwisho wa kila msimu nakala kamili itolewe katika diski ya nje, ifungiwe kabatini, na majumla yachapwe katika karatasi na kutiwa sahihi. Karatasi haijapitwa na wakati. Imepata wasaidizi tu.

Hatari ya pili: watu wawili wakibadili faili moja kwa wakati mmoja kabla hawajakutana, programu haiwezi kujua nani ana haki. Itaziweka nakala zote mbili, moja ikibadilishwa jina na kutiwa alama ya mgongano pamoja na tarehe na saa. Hapo ni lazima mtu akae, asome, aamue. Dawa yake ni rahisi: kila daftari liwe na mwandishi mmoja aliyetajwa kwa cheo. Ndiyo sababu tumesema chama cha msingi kitume na wengine wapokee.

Hatari ya tatu: kompyuta mbili husawazishana zikiwa zote zimewashwa. Karani akiwasha asubuhi na jirani akiwasha jioni, hawatakutana kamwe. Kwa hiyo mahali pamoja, ikiwezekana katika ofisi ya Chama Kikuu, pawe na kompyuta moja ndogo isiyozimwa, yenye betri ya sola. Hiyo haitakuwa mfalme. Itakuwa kama nyumba iliyo njia panda, ambayo kila apitaye huacha salamu zake.

Hatari ya nne: kazi ya watu wa kujitolea yaweza kubadilika. Waliotengeneza Syncthing ya simu za Android waliacha kuitoa mwezi wa Desemba 2024, ingawa wengine wameendeleza tawi lake. Mwaka 2025 likaja toleo la pili la programu yenyewe, lililobadili namna ya kutunza kumbukumbu zake za ndani. Kwa hiyo yafaa Chama Kikuu kimteue mtu, na msaidizi wake, wa kufuatilia habari hizi na kuongoza vyama vyote kuhama kwa pamoja. Chama kisichokuwa na mtu wa namna hiyo kisianze.

Hatari ya tano ni ya heshima za watu. Daftari la wanachama lina majina, namba za simu, akaunti za benki, na ukubwa wa mashamba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yatuhusu sisi kama inavyowahusu wenye mabenki. Wapokeaji wawe wachache waliotajwa kwa maandishi. Kompyuta zao zifungwe kwa neno la siri, na diski zao vile vile. Afisa akiacha kazi, kompyuta yake iondolewe katika orodha siku ile ile. Lakini tujue kwamba kuiondoa hakufuti alichokwisha kukipokea, kwa hiyo mali ya chama irudishwe kabla ya kuagana. Na ikiwa twataka jirani atutunzie nakala bila kuisoma, Syncthing ina njia hiyo pia: folda hufungwa kwa neno la siri kabla ya kutoka, na mtunzaji huwa kama mtu aliyepewa sanduku bila ufunguo. Njia hii yafaa hasa kwa orodha za akaunti za benki.

Na juu ya hatari zote hizo, lipo neno moja ambalo hakuna programu iwezayo kulitibu. Mizani mbovu ikiandikwa katika kompyuta kumi, huwa ni mizani mbovu mara kumi. Nakala nyingi hulinda kilichoandikwa. Ukweli wa kilichoandikwa hulindwa mezani, mbele ya mizani, mkulima akiwa amesimama na macho yake wazi, na namba ikisomwa kwa sauti. Kwa hiyo kila mwanachama asikubali kuondoka bila kuona namba yake imeandikwa, wala bila karatasi yake. Kompyuta isije ikawa sababu ya mkulima kutoulizwa tena.

Wenzetu, mtu aweza kusema: mambo haya ni mageni, yaliletwa na watu wa mbali. Ushirika wenyewe pia una asili ya mbali, nasi tumeufanya kuwa wetu. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wakiwemo wafuma nguo, walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka ambalo kila mwenye hisa alikuwa na kura moja na haki ya kuona hesabu. Mwaka 1933 Wachaga waliandikisha chama chao kikuu cha kahawa, KNCU, nacho chaendelea hadi leo. Kilichosafiri kutoka Rochdale hadi Kilimanjaro na hadi Makote ni fikira moja: kwamba wanyonge wakikubaliana, hawahitaji bwana wa katikati wa kuwawekea mali yao. Programu ya rika kwa rika ni fikira hiyo hiyo iliyovaa nguo nyingine.

Tena historia yetu yatufundisha kwamba ofisi hubadilika kuliko mikorosho. Mwaka 1976 vyama vikuu vya nchi nzima vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirudisha. Wilaya ya Tandahimba ilizaliwa kutoka Newala, na Nanyumbu kutoka Masasi. Majina ya vyama hubadilika, mipaka husogezwa, majengo hupewa wengine. Mkorosho uliopandwa na babu bado wazaa, na mjukuu ataka kujua ni mti wa nani. Maandishi yaliyo katika jengo moja huondoka na jengo hilo. Maandishi yaliyo mikononi mwa vyama vingi huwafuata wakulima waendako.

Twamaliza, Bwana Mwenyekiti, kwa kuomba mambo matatu yaamuliwe kabla mizani haijafunguliwa msimu ujao. La kwanza, vyama vitatu vya msingi vilivyo jirani vikubali kuanza, pamoja na Chama Kikuu, kwa folda ya Matangazo peke yake, ili makosa ya kujifunza yafanyike mahali pasipo na kilo za mtu. La pili, baada ya miezi mitatu wajumbe waletewe taarifa: nani alisawazisha, nani alichelewa, na faili gani liligongana. La tatu, ndipo Mkutano Mkuu wa kila chama upige kura juu ya daftari la mizani, na kuchagua jirani wa kulitunza. Jambo hili lisiamriwe kutoka juu, kwa kuwa jirani aliyewekwa kwa amri hulinda kwa uvivu, bali aliyechaguliwa hulinda kama chake.

Miaka kumi tumejenga maghala ya kuwekea korosho. Katika kumi inayokuja tujenge na ghala la maandishi, lenye milango katika kila kijiji. Mwanachama atakayefika chamani siku ya malipo, hata kompyuta ya pale iwe imeungua usiku uliopita, aambiwe: keti, mzee, tunaiuliza kilo yako kwa jirani. Na ipatikane.

Ushirika udumu.